Dirisha na Mistari Mitatu: Kuoanisha Mashairi Mafupi na Picha za Madirisha ya Lubumbashi

Ukitaka kuanza kuoanisha shairi na picha, achana kwanza na machweo, maua na nyuso za watoto. Machweo kila mtu ameshayasema, na uso wa mtoto humvuta mtazamaji mpaka shairi likabaki halina kazi. Anza na dirisha. Halikimbii, halihitaji kuambiwa litabasamu, na Lubumbashi, mji wetu wa kusini mwa Kongo, ina madirisha ya kila namna. Kuna ya fremu za chuma na vioo vidogo vidogo kwenye nyumba za zamani za mjini. Kuna ya mbao kule mitaa ya Kamalondo na Kenya, na yale yenye antivoli, yaani nondo za kuzuia wezi, ambayo fundi wa kuchomelea ameipinda ikatoa miale ya jua au moyo. Kuna ukuta wenye matundu ya sementi yasiyo na kioo. Na kuna nyumba ambazo hazijaisha: tundu tupu katika ukuta wa matofali ya udongo wa kichuguu, mwenyewe bado anatafuta pesa ya fremu.

Unachohitaji ni simu yenye kamera ya wastani, daftari na kalamu. Kamera kubwa ikiwepo, sawa, lakini watu hawaizoei haraka kama simu, na katika kazi hii utasimama mbele ya nyumba za watu.

Amua umesimama upande gani

Kuna picha ya dirisha ukiwa nje, kuna ya ukiwa ndani, na kuna picha ya kioo chenyewe. Hizi ni kazi tatu tofauti, na kila moja inadai shairi lake.

Ukiwa nje hujui kilichomo ndani. Shairi la picha hii hukisia, huuliza, hupiga hodi. Ukiwa ndani wewe ni mwenyeji: unaijua harufu ya chumba, unajua nani amelala nyuma yako, kwa hiyo shairi lako lina haki ya kusema “sisi”. Picha ya kioo ndiyo ngumu. Kioo huonyesha cha ndani na cha nje kwa pamoja, mwembe wa barabarani ukielea juu ya kabati la vyombo, na picha iliyojaa hivyo haiachi pa kuweka neno. Anayeanza aiweke kando kwa muda.

Upigaji picha wenyewe ulianzia dirishani. Mwaka 1826 au 1827, Mfaransa Nicéphore Niépce aliweka kamera kwenye dirisha la nyumba yake ya Le Gras, akanasa mapaa na kuta za nje juu ya bamba la madini lililopakwa lami. Mwanga ulihitaji muda mrefu kiasi kwamba jua linaonekana limeangaza kuta za pande zote mbili. Mwezi wa Agosti 1835, Mwingereza William Henry Fox Talbot alifanya kinyume: akiwa ndani ya nyumba yake ya Lacock Abbey, alilipiga dirisha lenyewe. Karatasi hiyo ndogo ndiyo negativu (picha iliyogeuza mwanga kuwa giza) ya kale kuliko zote zilizobaki duniani. Kinachonivutia mimi ni maneno aliyoyaandika kando yake: kwamba ilipotengenezwa, vipande vya kioo, karibu 200, viliweza kuhesabiwa kwa msaada wa lenzi. Leo picha imefifia, hesabu hiyo imebaki kwenye maandishi tu. Maneno yanabeba kitu ambacho picha haina tena. Shika jambo hilo, maana mwongozo huu wote umesimama juu yake.

Mwanga: lijue jua la hapa

Ushauri wa mwanga unaosomwa kwenye mtandao mara nyingi umeandikwa na watu wa Ulaya, ambako dirisha la kaskazini ndilo lenye mwanga mpole. Kwetu usiufuate. Lubumbashi iko kati ya nyuzi 11 na 12 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni na Julai, wakati wa baridi na kiangazi, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Madirisha yanayotazama kaskazini hupigwa na jua moja kwa moja, na ya kusini hukaa kivulini kutwa nzima. Kwa hiyo, miezi hiyo, dirisha la kusini ndilo rafiki yako: rangi zake hutulia na hakuna vivuli vikali vinavyokata antivoli vipande vipande. Desemba mambo hugeuka, jua huelekea kusini.

Halafu kuna siku ambazo jua huwa utosini kabisa saa sita mchana, mwishoni mwa Oktoba na tena katikati ya Februari. Siku hizo ukingo wa malata hudondosha kivuli moja kwa moja chini, na ukuta wote ulio chini ya paa huingia kivulini. Wengi watakwambia usipige mchana. Mimi nasema kivuli hicho ni pazia la bure lililoshushwa juu ya dirisha. Kama ukuta ni wa rangi moja, piga.

Kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza, moshi wa vichaka vinavyochomwa na vumbi jekundu huchuja mwanga. Anga huwa jeupe, vivuli hulainika, na vioo hupata ukungu wa vumbi ambao hakuna programu ya simu inayoweza kuuiga. Usimwombe mwenye nyumba afute kioo.

Omba ruhusa

Dirisha ni la mtu. Hata kama umesimama barabarani, pazia lile ni la mama fulani, na kitanda kinachoonekana nyuma yake ni chake. Ingia lupango, yaani uani, toa salamu, eleza.

“Jambo yenu, mama. Naomba kupiga picha ya dirisha yenu.”
“Dirisha? Iko na nini?”
“Iko muzuri, mama. Naandika mashairi ya madirisha.”
“Ngoja kwanza nitie rido ingine, mwana.”

Hapo ndipo wengi hushindwa kujizuia na kusema hapana, rido (pazia) ya zamani ndiyo tunayoitaka. Mwache abadilishe. Piga aliyoichagua yeye, umwonyeshe kwenye simu, kisha omba upige na ile ya kwanza. Ukimwonyesha zote mbili, mazungumzo yanayofuata yatakupa nusu ya shairi: nani alishona rido, ilinunuliwa wakati wa harusi gani, kwa nini ina kiraka.

Kabla ya kuondoka, itazame picha kwa jicho la mwizi. Je, inaonyesha televisheni, au antivoli iliyovunjika? Je, namba ya nyumba inasomeka? Zima pia sehemu ya simu inayoandika mahali picha ilipopigwa. Mtoto akiwa ameonekana dirishani, uliza wazazi upya, hata kama wameshakubali dirisha.

Na kuna madirisha ambayo hayaombwi ruhusa kwa sababu hayapigwi kabisa: ya kambi za jeshi, ya uwanja wa ndege wa Luano, ya gereza la Kasapa, ya ofisi za usalama na makao ya viongozi. Usijaribu hata ukiwa mbali.

Kupiga

Simama sambamba na ukuta. Simu iwe usawa wa katikati ya dirisha, si chini yake. Ukiinua simu kuelekea juu, pande mbili za fremu zitaanza kukaribiana huko juu na dirisha litaonekana linaanguka nyuma. Kama dirisha liko juu, rudi nyuma ukavute kwa kamera, au omba kiti. Washa mistari ya kusaidia kwenye kioo cha simu na ufananishe fremu nayo. Baadaye utaruhusiwa kupinda makusudi. Kwanza jifunze kunyoosha.

Acha ukuta uonekane pande zote za dirisha. Anayeanza hukaza fremu mpaka dirisha linajaza picha nzima, kisha shairi likija linakosa pa kukaa. Ukuta ndiyo ukimya wa picha hii.

Ukiwa ndani, tatizo ni tofauti ya mwanga: nje kunawaka, chumbani giza. Simu itajaribu kukupa vyote na itakupa kitu cha kijivu. Chagua. Gusa sehemu angavu ya picha, shikilia kidole mpaka mwanga ufungwe, na chumba kitakuwa cheusi huku nje kukionekana. Au gusa kona yenye giza, chumba kitaonekana na dirisha litakuwa jeupe tupu. Ile hali ya HDR inayosawazisha giza na mwanga, mimi huizima. Inalifanya kila dirisha lifanane na tangazo la hoteli.

Ukiwa nje na kioo kinakurudishia sura yako, sogea pembeni kidogo, au mwombe mwenzako ashike kitenge cha rangi nyeusi nyuma yako. Ukitaka kuona ndani tu, bandika simu kwenye kioo na uzungushie viganja.

Chagua chache

Zihamishie kwenye skrini kubwa kama unaweza, au zipitie kwenye simu baada ya siku kadhaa, si jioni ile ile. Toa zote zilizo nzuri tu. Nina maana hiyo hiyo: picha ambayo ni nzuri na haina swali lolote ndani yake iende ukutani peke yake, haihitaji shairi. Bakiza ile inayokufanya uulize kitu. Kwa nini kuna kiatu kimoja? Nani alifunga kamba hii? Kwa nini upande mmoja umepakwa rangi na mwingine bado?

Shairi: liseme ambacho kamera haikukipata

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo jozi nyingi ninazoziona huharibika. Picha ina dirisha la buluu, na shairi chini yake linasema dirisha la buluu. Msomaji ameambiwa mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyeuliza.

Mtu wa Lubumbashi ana mifano miwili ya maneno na picha kukaa pamoja. Wa kwanza ni wa wachoraji wetu wa miaka ya 1970, waliouza michoro ya kutundika sebuleni. Waliandika maneno palepale kwenye turubai, na Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora mfululizo wa picha takriban mia moja za historia ya nchi mwaka 1973 na 1974, ndiye anayejulikana zaidi. Maneno yao hutaja: hapa ni wapi, huyu ni nani, mwaka gani. Mfano wa pili ni kanga ya pwani. Ina pindo, ina mji wa katikati, na ina jina, yaani ule msemo ulioandikwa chini. Mji unaweza kuwa na korosho, na jina likamsema jirani. Korosho na jirani havihusiani, lakini vikivaliwa pamoja mtu mmoja barabarani atajua ni yeye anayeambiwa.

Kwa shairi, fuata kanga. Kwa maelezo madogo ya chini, kama vile “Kenya, Julai”, fuata mchoraji. Usichanganye kazi hizo mbili: shairi lisibebeshwe mzigo wa kueleza mahali, na maelezo yasijaribu kuwa matamu.

Njia ninayoifundisha ni hii. Weka picha mbele yako, andika orodha ya kila kinachoonekana: dirisha, kioo, pazia, ukuta, buluu, kutu. Sasa kata orodha yote. Maneno hayo ni marufuku ndani ya shairi, na la kwanza kukatwa ni “dirisha”. Kisha andika orodha nyingine, ya visivyoonekana: sauti zilizokuwapo ulipopiga, harufu, joto au baridi, kilichotokea saa moja kabla, kitakachotokea usiku, mtu ambaye hayupo. Shairi litatoka kwenye orodha ya pili.

Tuchukue picha moja tuifanyie kazi mpaka mwisho. Ni dirisha la mbao, limefunguliwa nusu, jioni. Kwenye kizingiti kuna sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Nyuma ni giza. Basi. Jaribio ambalo kila mtu huanza nalo ni kama hili:

*Dirisha la mbao, jioni imefika,*
*sahani imewekwa, juu imefunikwa,*
*giza limetanda ndani ya nyumba.*

Hakuna hata kimoja hapo ambacho jicho halijaona. Kata mbao, kata sahani, kata kufunikwa, kata giza. Orodha ya pili inasemaje? Kuna bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, mle ndani, na vimeshapoa. Kamera haijui kupoa. Mlango wa lupango bado uko wazi ingawa ni usiku. Kamera haikuuona mlango. Na mtu amewekewa chakula kwa sababu hajarudi. Basi andika hayo tu, mizani minane, yaani silabi nane, kila mstari:

*Chakula kimeshapoa,*
*mlango haujafungwa:*
*kuna mmoja hajaja.*

Hesabu kwa vidole: cha-ku-la-ki-me-sha-po-a. Mistari yote mitatu ina nane. Ni tathlitha fupi, yaani shairi la mistari mitatu. Vina vyake havijakaza, ni sauti ya *a* tu inayofunga kila mstari, na kwa ukubwa huu inatosha. Jambo la kutazama ni kwamba ukiondoa picha, shairi linabaki na maana lakini halina mahali. Ukiondoa shairi, sahani inabaki sahani. Hicho ndicho kipimo changu: kila upande ukikaa peke yake uwe na njaa kidogo.

Ungeweza pia kuliandika kama nyumba yenyewe inavyosema:

*Bukari inaisha kupola,*
*mulango haiyafungwa:*
*mumoja hayafika.*

Mizani imeyumba, na mwalimu wa ushairi atalalamika. Lakini sauti ni ya mama wa mtaa wa Katuba aliyekaa kwenye kibao chake, na kwa picha ya mtaani naipendelea hii. Usichanganye tu lugha mbili ndani ya mkusanyiko bila mpango. Amua ni mashairi yapi yanasema kwa sauti ya mwandishi na yapi kwa sauti ya nyumba.

Kuhusu umbo, usihangaike kutafuta jipya. Tathlitha kama hiyo hapo juu huenda na picha nyingi. Picha yenye hoja, yenye ugomvi ndani yake, hubeba vizuri tathnia, shairi la mistari miwili, ya mizani 16, nane kwa nane. Hii ni ya dirisha la nyumba ya kambi ya zamani ya wafanyakazi, lililozibwa kwa matofali:

*Walilijenga kwa jua, tukaliziba kwa shaka,*
*leo twapapasa taa, hali mchana wawaka.*

Vina vya kati na vya mwisho vimetimia, na ukali wake unatokana na kutimia huko. Shairi huru lingesema jambo hilo hilo likasikika kama malalamiko.

Haiku ya Kijapani, mizani 5, 7 na 5, inakaa vizuri katika Kiswahili kwa sababu silabi zetu ni rahisi kuhesabika. Wajapani wenyewe wana haiga, mchoro unaokaa na haiku kwenye karatasi moja. Haiku inafaa pale unapotaka kusogeza wakati. Chukua picha ya Oktoba, kioo kilichojaa vumbi, kikavu kabisa. Mpe msomaji mvua ambayo bado haijaja:

*Tone la kwanza*
*laandika vumbini*
*jina la nani?*

Nimevunja sheria yangu, neno “vumbi” limo kwenye picha na kwenye shairi. Linaruhusiwa pale ambapo kitu kinachoonekana kinafanyiwa kitu kisichoonekana. Lakini kila neno la namna hiyo lilipie nauli yake. Moja kwa shairi, si zaidi.

Na kuna mstari mmoja tu, wa kikanga. Pazia limevutwa kidogo, ufa wa vidole viwili, hakuna mtu:

*Umepita mara mbili. Ya tatu piga hodi.*

Mstari mmoja unatosha kabisa kwa picha tulivu. Tatizo la mistari ya namna hii ni utamu wake: ukiweka mitano mfululizo, msomaji atachoka kama aliyekula pipi.

Kuna maneno ya kukwepa kwa sababu yamejisokota kwenye madirisha miaka yote: nyumba yenye macho, mwanga wa matumaini, machozi ya mvua, dirisha la moyo, upweke. “Upweke” hasa. Picha ya kiti kitupu dirishani tayari inausema, na ukiutaja unaufukuza.

Ukimaliza, soma kwa sauti mbele ya mtu ambaye hajaiona picha. Kisha mwonyeshe. Akisema “aa, kumbe”, jozi imeshika. Akisema “ndiyo, nimeona”, rudi kwenye orodha ya pili.

Kuweka pamoja

Shairi likae chini ya picha au ukurasa wa pili mkabala nayo. Kuandika juu ya picha ni vishawishi vya simu tu, kwa kuwa programu zina herufi za kurembwa. Kama ni lazima, maneno yaingie mahali palipo na rangi moja, ndani ya giza la tundu au kwenye ukuta mtupu, kwa herufi za kawaida, na yasiguse fremu. Ukubwa wa herufi uwe ule wa kitabu. Shairi lililopigiwa kelele kwa herufi kubwa halisomwi taratibu.

Mpangilio wa jozi una maana kuliko uzuri wa kila moja. Mimi hupanga kwa saa: alfajiri, mchana, jioni, usiku umeme ukiwa umekatika na mshumaa ukionekana. Wengine hupanga kwa kutembea, kutoka mjini hadi Ruashi. Vyovyote, usiweke haiku mbili zikifuatana wala picha mbili za antivoli.

Kuchapa

Kijitabu cha kurasa 16 ni karatasi nne za A4 zilizokunjwa kuwa A5. Jalada la mbele ni ukurasa wa 1, la nyuma ni wa 16, na katikati unapata kurasa mbili mbili zinazotazamana, yaani jozi saba: picha kushoto, shairi kulia. Karatasi ya kwanza inabeba 16 na 1 upande wa nje, 2 na 15 upande wa ndani. Ya pili 14 na 3, kisha 4 na 13. Ya tatu 12 na 5, kisha 6 na 11. Ya nne 10 na 7, kisha 8 na 9. Kila jozi ya namba ukiijumlisha inatoa 17, isipotoa, umekosea. Ukurasa wa 8 na 9 tu ndio ulioko kwenye karatasi moja bila kukatika, kwa hiyo ukiwa na picha moja pana unayotaka ivuke mkunjo, iweke hapo.

Picha ya kujaza ukurasa wa A5 inahitaji takriban pikseli 1,750 kwa 2,480 ili ichapwe safi kwa nukta 300 kwa inchi. Simu nyingi za sasa zinafika. Kinachoharibu ni njia ya kutuma: ukiipeleka sekretaria, yaani duka la kuchapa, kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na kupoteza ubora. Itume kama dokumenti, au nenda na ufunguo wa USB (flashi).

Rangi ni ghali, na fotokopi ya nyeusi na nyeupe inafaa sana kwa madirisha, mradi ugeuze picha mwenyewe kabla ya kuipeleka. Dirisha la buluu na tofali jekundu vinaweza kutoka na kijivu kilekile, na dirisha likazama ukutani. Kwenye programu ya kuhariri, punguza mwanga wa buluu au uongeze wa nyekundu mpaka vitengane. Chapa nakala moja ya majaribio kwenye mashine ileile itakayochapa zote, maana kila mashine ina weusi wake.

Shona kwa sindano na uzi kwenye mkunjo, matundu matatu, ukianza na la katikati ukimalizia hapohapo.

Nakala ya kwanza inayotoka mpelekee mwenye dirisha kabla hujaonyesha mtu mwingine. Msomee shairi, usimwachie tu kijitabu. Jina lake liandikwe kama anataka, na kwa tahajia anayoitaka. Akisema picha itolewe, itoe, hata kama ni ukurasa wa 8. Ndiyo sababu inafaa kuwa na jozi moja au mbili za akiba kwenye simu.